Ukumbi wa Mbeya mjini au uwanja wa Tukuyu: harusi ipi itapendeza bila kuacha rundo la taka?

Mpwa wangu aliingia dukani kwangu Soweto, hapa Mbeya, simu mkononi, hata salamu hakuimaliza. Akanionyesha picha: viti vya mbao kwenye nyasi, maua meupe, bibi harusi kavaa gauni jepesi kama mtu anayetoka shamba kuchuma mboga. "Shangazi, nataka hii. Ipendeze, lakini isichafue mazingira." Nikamuuliza itafanyika wapi. Hapo ndipo alipovuta kigoda akakaa.

Mchumba wake kwao ni Mafinga, mkoani Iringa, ila wote wawili wanafanya kazi Mbeya mjini, na kamati ya upande wa mume imeshaanza kuulizia kumbi. Yeye moyo wake uko Tukuyu kwa babu yake, kwenye ule uwanja wenye migomba upande mmoja na shamba la chai upande wa pili. Huu ni mwaka wangu wa 11 wa kupamba harusi. Nimepamba kumbi na viwanja, jua na mvua, wenye pesa na wenye kukopa. Nikachukua daftari nikaandika pande zote mbili, na kwa kuwa kila mwezi anakuja mwingine na swali hilohilo, nimeona niliweke hapa lisomwe na wote.

Kwa mwenye haraka: uwanja wa nyumbani unashinda kwenye maua, kwenye chakula na kwenye taka. Ukumbi unashinda mvua ikinyesha, na mara nyingi unashinda kwenye usafiri. Na mafuta ya magari pamoja na idadi ya watu ni mzigo mzito kuliko riboni na mishumaa yote ninayouza mimi. Najua ninajiharibia biashara kusema hivyo.

Kwanza, sherehe ngapi?

Watu wanaanza na rangi. Mimi ningeanza na kuhesabu sherehe. Harusi kwetu si siku moja: kuna kichen pati, kuna sendofu ya upande wa mwanamke, kuna harusi yenyewe ya upande wa mwanaume, na wengine wanamalizia na kuvunja kamati. Kila moja ina keki yake, mapambo yake, katoni zake za maji na sare yake ambayo haitavaliwa tena.

Anayechagua ukumbi mjini karibu kila mara hubaki na zote, kwa sababu kila upande una wachangiaji wake na kila upande unataka usiku wake. Uwanja wa nyumbani unatoa nafasi ambayo ukumbi hautoi: wazee wakielewana, sendofu na harusi zinakuwa kitu kimoja. Ibada asubuhi, chakula mchana, saa kumi na moja jioni watu wanaagana. Upande wa mume wanakuja kwa wakwe zao kama wageni, wanaondoka na mke wao siku hiyohiyo. Nimeiona mara tatu, na mara zote aliyeogopa kulisema mbele ya wazee alikuwa bwana harusi, si wazee.

Ugumu uko kwenye michango. Mchango ni deni linalozunguka. Kaka yangu, baba yake binti, amechangia harusi za watu tangu hajaoa, na sasa zamu imefika kwake. Huwezi kumwambia apunguze wageni ili kulinda mazingira wakati kila jina kwenye orodha yake ni mtu aliyewahi kumpelekea kadi, tena kadi ya dabo, yaani mume na mke wanakuja wote. Kwa hiyo ushauri wa "fanyeni harusi ndogo" unaosemwa na watu wasio na wajomba, kwetu unagonga ukuta.

Njia niliyoona ikifanya kazi ni hii: ibada ni ya wote, na baada ya ibada wote wanapata chai, maandazi na viazi pale pale kwenye uwanja wa kanisa. Chakula cha mchana ni cha ndugu na wale walioalikwa kwa kadi maalumu. Familia moja ilifanya hivyo, walikunywa chai watu wanaokaribia 400, wakala mchana 120. Walionuna walikuwepo. Wengine walifurahi kurudi nyumbani mapema. Ukumbini hili haliwezekani, maana ukumbi unalipia viti, na kiti kilicholipiwa lazima kipate mtu.

Mvua haina kamati

Huku kwetu mvua inaanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na Tukuyu haijui kalenda hiyo vizuri. Mwezi wa tano bado inanyesha, na kwa mwaka mzima hupata zaidi ya milimita 2,000. Ukitaka uwanja, chagua kati ya Julai na Oktoba. Ukitaka Desemba kwa sababu ndugu wa Dar es Salaam wana likizo, chukua ukumbi na usinisumbue.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka mmoja nilikubali kazi ya uwanjani mwezi wa tano. Saa nne asubuhi jua lilikuwa limewaka vizuri, nikamwambia mama wa bibi harusi Mungu yuko upande wetu. Saa saba ukungu ukashuka, saa nane mvua. Turubai lilijaa maji likalegea kama tumbo la ng'ombe, vijana wakawa wanalisukuma na fimbo za mwanzi, maji yakamwagikia keki. Jioni Costa ya upande wa mume ilikwama kwenye tope, wanawake wakashuka wamebeba viatu mkononi wakasukuma. Wanacheka nayo mpaka leo. Mimi sicheki, vitambaa vyangu 30 havikuwahi kurudi kuwa vyeupe.

Baridi nayo ihesabiwe. Mbeya mjini iko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, na usiku wa Juni na Julai mtu aliyevaa gauni la mabega wazi anatetemeka mpaka meno yanagonga. Ukumbini unaweza kwenda mpaka saa sita usiku. Uwanjani, sherehe ya usiku itakulazimisha kuwasha majiko ya mkaa pembeni na jenereta ya taa na muziki, na hapo ule usafi wa mazingira umeshauuza. Uwanja ni wa mchana. Mchana huhitaji taa hata moja, na picha zinatoka nzuri kuliko zile za ukumbini ambako kila mtu anaonekana wa zambarau.

Hesabu ya mafuta

Hapa ndipo wengi wanajidanganya. Wanahama ukumbi wa mjini kwenda shambani "kwa ajili ya mazingira", halafu wanawapandisha watu magari kuvuka Isongole, njia ya Tukuyu.

Chukua wageni 200 wanaokaa Mbeya mjini. Kwenda Tukuyu na kurudi ni kama kilomita 140. Wakienda kwa magari madogo, watu watano kila moja, ni magari 40, yaani kilomita 5,600 kwa jumla. Gari likienda kilomita 10 kwa lita, zimeungua lita 560. Wakipanda Costa 8 za watu 25, ni kilomita 1,120, na Costa ikienda kilomita 7 kwa lita, ni lita 160. Wageni haohao wakienda ukumbi wa mjini kwa magari yale 40, kila moja likizunguka kilomita 10 kwenda na kurudi, ni lita 40 tu. Kwa wageni wa namna hiyo ukumbi umeshinda, tena kwa mbali, hata ukiujaza baluni mpaka kwenye dari.

Lakini orodha ya mpwa wangu si hiyo. Nilimwambia aandike mbele ya kila jina mahali ambapo mtu huyo analala. Alirudi baada ya siku mbili: watu 130 wako Rungwe, wilaya hiyohiyo ya Tukuyu, 45 Mbeya mjini, 25 wanatoka Mafinga. Harusi ikiwa Mbeya, wale 130 wanahitaji Costa 6 kupanda na kushuka, kilomita 840. Harusi ikiwa Tukuyu, Costa 2 za Mbeya na moja ya Mafinga inayoongeza kipande cha Mbeya hadi Tukuyu, kilomita 420. Nusu yake. Na wa Rungwe wengine wanakuja kwa miguu.

Kwa hiyo kabla hujachagua mahali, fanya zoezi hilo la majina. Linachukua jioni moja. Kama nusu ya watu wako wanalala Mafinga na Iringa, basi hata Tukuyu na Mbeya zote mbili ni makosa, nenda Mufindi, chai iko na misitu iko. Ila shamba la chai la kampuni si bustani ya umma: omba ruhusa kabla ya kupeleka mpiga picha.

Kuhusu msafara wenye matarumbeta kwenye pikapu: sitaki kuua furaha ya mtu. Mzunguko mmoja Mafiati hapa mjini unatosha, watu wameshakuoneni.

Maua, ambayo ndiyo kazi yangu

Kuna aina tatu za maua kwenye harusi za huku, na watu wanadhani ya plastiki ndiyo mabaya kuliko yote. Si kweli.

Waridi zinazouzwa mjini zikiwa kwenye maboksi nyingi hulimwa kaskazini, Arusha na Kilimanjaro. Mpaka zifike Mbeya zimesafiri takriban kilomita 1,000 kwa basi, zimefungwa mmojammoja kwenye nailoni, na robo yake zinafika zimeinamisha shingo. Ni ua hai, lakini limekuja na taka zake na safari yake. Hayo nayaweka mwisho.

Maua ya kitambaa na plastiki nayaweka katikati. Ninayo maboksi ambayo yametoka karibu kila Jumamosi kwa miaka. Nayafua kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, nayaning'iniza kichwa chini, yanarudi kazini. Kosa haliko kwenye plastiki hiyo, liko kwenye kununua upya. Kila bibi harusi anakuja na rangi mpya aliyoiona kwenye simu, mwaka huu rangi ya vumbi la matofali, mwaka jana ya parachichi, na sisi tunanunua maua mapya kumridhisha, kisha yanakaa stoo yakiliwa na panya. Ukitaka ukumbi wako uwe na nafuu, usimpelekee mpambaji rangi. Mwombe akuonyeshe stoo yake, uchague kutoka humo. Utapata na punguzo.

Ya kwanza kwangu ni maua ya jirani. Ukishuka Tukuyu utayaona kwenye mitaro yenye maji yale meupe yanayofanana na faneli, ambayo sisi wapambaji tunayaita kalla. Mjini yanauzwa kwa kuhesabiwa, kule mama mmoja alinijazia ndoo mbili kwa bei ya soda na habari za watoto wangu. Yana siri zake. Yakate alfajiri kabla jua halijayapata. Bua lake likikaa majini linapasuka chini na kujikunja kama mkia wa nguruwe, kwa hiyo lifunge uzi wa pamba sentimita mbili kutoka mwisho. Usiyalaze kwenye buti ya gari, simamisha ndoo kati ya magoti ya mtu.

Ongeza matawi ya mkaratusi, yale machanga yenye rangi ya kijivu. Mkaratusi ukikatwa unachipua tena, na harufu yake inafanya hema zima linukie usafi. Kwa lango tumia migomba, kama wazee walivyofanya siku zote, ila chukua mashina ambayo mkungu wake umeshavunwa. Mgomba unazaa mara moja, shina hilo lingekatwa tu. Vijana wa mapambo wanapenda kukata wenye mkungu mbichi kwa sababu unapendeza kwenye picha. Babu yake mpwa wangu ameshasema atakayegusa mgomba wenye mkungu atamlipa ndizi zake.

Okidi za Kitulo msiniombe. Kila mwaka nampata mmoja. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyewe tunaiita Bustani ya Mungu, na maua yake ni ya kutazama, hayachumwi. Tayari okidi za nyanda hizi zinachimbwa viazi vyake kuuzwa Zambia kwa ajili ya chikanda, chakula cha huko kinachopikwa kwa viazi hivyo, hatuhitaji kuongeza na harusi. Halafu maua ya Kitulo yanachanua wakati wa mvua, na harusi ya uwanjani ni ya kiangazi. Hesabu haikubali.

Jambo moja ambalo wageni hawalioni: ile sponji ya kijani tunayochomekea maua. Ni plastiki, haiozi, inasagika kuwa unga unaokwenda na maji ya kumwaga. Nimeiacha. Siku hizi nakata wavu wa kuku, naukunja uwe kama mpira, nausukumiza ndani ya chungu, namimina maji, nachomeka. Wavu uleule nimeutumia mwaka wa tatu. Vyungu natumia vya Wakisi, wale wanawake wafinyanzi wa Ikombe karibu na Matema, Ziwa Nyasa. Kwa wepesi wake na ile rangi ya udongo yenye michoro, hakuna chombo cha maua cha kioo kutoka dukani kinachovishinda. Ila chungu kipya kinatoa jasho. Meza kuu ya harusi moja ilipata miduara minne ya maji kwenye kitambaa cheupe mbele ya mchungaji. Tumbukiza kopo ndani, maji yakae kwenye kopo.

Haya yote unaweza kuyafanya ukumbini pia, isipokuwa kwamba ukumbini ndoo za kalla zinasafiri kilomita 70, na dari ndefu inameza maua machache. Ukumbi unadai wingi. Uwanja wenye chai nyuma yake tayari umepambwa, unaongeza kidogo tu.

Chakula, moto na maji

Kwenye moto, nitakuwa mkweli, ukumbi una nafuu. Wapishi wa mjini wengi wanatumia mitungi mikubwa ya gesi. Tukuyu akina mama watapanga mafiga matano na kuni. Serikali iliagiza taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024. Harusi si taasisi, lakini sufuria ni zilezile na macho ya mpishi ni yaleyale. Nimewashauri wakodi majiko mawili ya gesi kwa wali na mchuzi, kuni zibaki kwa ndizi na ndafu. Wali ufunikwe kwa majani ya mgomba badala ya foili: mvuke haupotei, na unapata ile harufu.

Kwenye chakula chenyewe uwanja unashinda bila ubishi. Mchele wa Kyela uko chini ya mlima, ndizi ziko uani, maharage, viazi mviringo, parachichi, kuku wa kienyeji, vyote viko karibu. Bufee ya ukumbini ina sahani saba ambazo kila mgeni anaonja na kuziacha. Punguza nyama ya ng'ombe, ongeza kuku na ndizi, hakuna Mnyakyusa atakayelalamika ukimpa mbalaga yake ya ndizi iliyopikwa vizuri. Ndugu wa Mafinga watauliza ulanzi, pombe ya mwanzi. Kama ni Septemba, msimu wake umepita, wapeni kimpumu cha ulezi na mrija wajifunze.

Maji ndiyo aibu ya harusi zetu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, tukazoea vikapu, lakini ukumbini kila meza inabeba katoni za chupa ndogo. Wageni 200, chupa tatu za nusu lita kila mmoja, ni chupa 600. Maji hayohayo ni madumu 15 ya lita 20 na glasi za kukodi. Soda chukua za chupa ya kioo, kreti zinarudi kwa wakala.

Niliacha kuvumilia chupa hizo Jumapili moja. Nilirudi kwenye ukumbi fulani kuchukua vitambaa vyangu nilivyovianika kwenye kamba ya nyuma usiku ule. Kijana wa usafi alikuwa amewasha moto kando ya jiko: chupa, foili, sahani za karatasi zilizopakwa plastiki, na riboni nilizofunga kwa mkono wangu. Moshi mweusi unapita katikati ya vitambaa. Nilimuuliza kwa nini asisubiri gari la taka. Akasema, "Mama, saa nane kuna kichen pati."

Kwa hiyo anayechagua ukumbi aulize mambo mawili kabla ya kulipa kianzio: tunaruhusiwa kuleta maji ya madumu na mpishi wetu? Na taka zinakwenda wapi, lini? Mwenye ukumbi akicheka swali la pili, umeshapata jibu. Nyumbani makombo yanakwenda kwa nguruwe, maganda na maua yanakwenda kwenye shina la mgomba, kinachobaki kinaingia kiroba kimoja.

Gauni na sare

Hapa mahali hapabadilishi mengi, isipokuwa mkia. Gauni la mkia mrefu ni la zulia la ukumbi. Uwanjani linakusanya nyasi, vumbi na vitoto vya kuku.

Kukodi ni bora kuliko kununua gauni jipya la nailoni litakalolala juu ya kabati. Bora zaidi ni gauni la mama au shangazi kurekebishwa, au kutafuta kwenye mitumba ya Mwanjelwa, ambako nimewahi kuokota hariri halisi iliyokuwa imechanganywa na mapazia. Mpeleke fundi, abane kiuno, aongeze mikono kwa sababu ya baridi.

Sare za kamati zinaweza kuvaliwa tena kama ni kitenge cha pamba na mshono wa kawaida. Wauzaji wote watakuambia ni pamba. Chomoa uzi mmoja pembeni ya kitambaa, uwashe kwa kiberiti: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, nailoni inayeyuka na kuacha kipunje kigumu. Fanya hivyo nje ya duka, wenye maduka hawapendi.

Vitu vidogo

Kadi za simu zinatosha, chapa za karatasi 30 kwa wazee ambao kadi kwao ni heshima ya kuweka ukutani. Baluni na chenga za kumetameta acha, petali za maua zinafanya kazi ileile. Zawadi kwa wageni wengi sasa wanatoa miche ya miti, jambo zuri ukiwa Novemba. Ukitoa mche Septemba, mgeni anafika nao nyumbani kwenye kiriba cha plastiki, hakuna mvua, unakufa dirishani. Paketi ya chai ya Rungwe itanywewa. Kikapu kidogo cha milulu cha Iringa kitakwenda sokoni kila Jumamosi, na upande wa Mafinga wataona nao wamo.

Ningechagua nini

Ningekuwa naoza mtoto wa mjini mwenye marafiki wa kazini 200 na tarehe ya Desemba, ningechukua ukumbi wa karibu na kanisa, rangi za stoo ya mpambaji, maji ya madumu, sherehe moja badala ya tatu. Harusi hiyo ingeshinda bustani nyingi zinazopostiwa. Ningekuwa mpwa wangu, mwenye watu 130 wanaolala Rungwe, karibu na ule uwanja, ningekwenda Tukuyu, Septemba, mchana, Costa tatu, na turubai la akiba lililokunjwa nyuma ya nyumba hata kama anga ni safi.

Kikao cha wazee kilikaa Jumapili iliyopita. Kaka yangu alibishana kuhusu ile chai ya kanisani kwa saa nzima, kisha akakubali kwa sharti kwamba maandazi yawe makubwa. Mama mkwe wa Mafinga, ambaye alikuwa kimya muda wote, aliuliza swali moja tu: hivyo vyungu, baada ya harusi ni vya nani? Nikamjibu kwamba kila meza, mama mwenye umri mkubwa kuliko wote anaondoka nacho. Akaniomba nimweke meza ya vijana.